Ile nyumba ya mawe pale Vicksburg ni ya nani?

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Mimi ni dereva wa lori, naishi Dallas, na karibu kila wiki napeleka mzigo Georgia kwa ile barabara ya I-20. Juzi nikiwa Vicksburg, Mississippi, masaa yangu ya kuendesha yaliisha, basi nikaacha lori kituoni nikachukua teksi mpaka kwenye ile hifadhi ya vita. Nikakuta jengo jeupe la mviringo lenye kuba, mbele lina ngazi nyingi mpaka goti liliniuma, ndani kuta zimejaa majina tu, na ukiangalia juu paa lina tundu la duara. Wakaniambia ni la Illinois. Sasa Illinois na Mississippi wapi na wapi? Na mbona sikuona sanamu ya askari kashika bunduki?
Dereva, Dallas

JIBU: Ndugu yangu, asante sana kwa kushuka kwenye lori, maana wengi wetu tunapita pale na spidi mia tukiwahi Jackson.

Anza na mto. Ule mto Mississippi uliovuka kwenye daraja, ukiufuata juu kwenda kaskazini unakuta ndio mpaka wa magharibi wa Illinois, na wakulima wa kule walizoea kushusha nafaka zao kwa maji mpaka New Orleans. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza 1861 majimbo ya Kusini yakaufunga, na Vicksburg ndipo mizinga yao ilipokaa, juu ya kilima, mto ukikata kona chini yake, meli ikipita inapigwa vizuri kabisa. Kwa hiyo kwa kijana wa Illinois hii haikuwa vita ya mbali, ni njia ya kwao iliyozibwa. Hata jenerali mwenyewe wa Kaskazini, Ulysses Grant, vita vilimkuta Galena, Illinois, anafanya kazi kwenye duka la ngozi la baba yake.

Mei 1863 Grant akaushambulia mji mara mbili, tarehe 19 na 22, akashindwa, watu wengi wakafa, ndipo akaamua kuuzingira. Wenyeji wakachimba mapango kwenye vilima wakalala humo na watoto kukwepa mabomu, chakula kikaisha, watu wakala nyama ya nyumbu. Jenerali Pemberton wa Kusini akasalimu amri tarehe 4 Julai na askari karibu 29,500. Zile ngazi zilizokuumiza goti zipo 47, na siku za kuzingirwa zilikuwa 47, kila ngazi na siku yake. Ukirudi zipande polepole uzihesabu, utaelewa zaidi ya nilivyokueleza mimi.

Na hapo jengo lilipo ni penyewe. Ile nyumba nyeupe ya mbao jirani inaitwa Shirley House, vijana wa Illinois walichimba vibanda vyao kwenye mteremko pembeni yake, na hatua chache mbele ndipo walipopitisha handaki chini ya ngome ya Kusini wakailipua kwa baruti tarehe 25 Juni, halafu wakaingia kwenye lile shimo kupigana ana kwa ana.

Kuhusu bunduki, hukukosea. Jengo hilo, ambalo ni mnara wa kumbukumbu, lilizinduliwa Oktoba 1906, mchoraji wake William Jenney aliiga hekalu la Pantheon la Roma, na silaha hazikuwekwa, wala alama ya kifo. Kilichowekwa ni majina ya askari wote wa Illinois waliokuwemo kwenye kampeni ile, 36,325, kwenye vibao 60 vya shaba. Sio waliokufa tu, wote. Hapo ndipo mimi huwa naguswa, maana minara mingi inamsimamisha jenerali juu ya farasi na wengine wanabaki "mashujaa wetu" bila jina, lakini pale mpishi yupo, mpiga ngoma yupo, mtoto wa mkulima aliyejiandikisha hajui hata bahari ikoje yupo. Nilipita kidole kwenye zile herufi, shaba ya baridi, nikasoma majina matatu kwa sauti ndogo na kuba likayarudisha kwa sauti kubwa kuliko yangu.

SWALI: Eti kweli kati ya majina hayo kuna mwanamke? Tumebishana sana kazini.
Mama wa watoto wawili, Chicago

JIBU: Kweli dada. Tafuta kikosi cha 95, kombania G, jina Albert D. J. Cashier. Alizaliwa Ireland akaitwa Jennie Hodgers, akajiandikisha 1862 kama mwanaume, akapigana mpaka mwisho wa vita bila wenzake kujua, na baadaye akaendelea kuishi hivyo hivyo kama Albert kwenye kijiji cha Saunemin huko kwenu Illinois. Miaka mingi baadaye gari lilimvunja mguu, daktari akagundua. Uzeeni alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili wakamlazimisha kuvaa sketi, jambo linaloniuma kila nikilikumbuka. Alifariki 1915 na akazikwa na sare yake ya jeshi.

Na wewe dereva, ukipata masaa mengine ya kupumzika, ndani ya hifadhi hiyo hiyo ulizia mnara wa askari weusi uliowekwa 2004. Askari mweusi na kibarua wa shamba wamemshika katikati mwenzao aliyejeruhiwa, kibarua anaangalia nyuma alikotoka utumwani. Watu kama hao walipigana Milliken's Bend, upande wa pili wa mto, tarehe 7 Juni 1863, wengine wakiwa wametoka shambani wiki chache tu kabla, bunduki wamepewa juzi.