Majibu ya kukariri yaliniangusha kwenye usaili

Usaili wangu wa kwanza niliingia na majibu 30 kichwani. Nilikuwa nimeyanunua steshenari, karatasi nne zilizopigwa kopi hadi herufi zikafifia, "Maswali ya Usaili na Majibu Yake". Nafasi ilikuwa ya afisa ugavi msaidizi katika kampuni ya usafirishaji, Dar es Salaam. Nililala saa nane usiku nikikariri.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Mwenyekiti akafunika CV yangu kwa kiganja, akasema, "Haya ya humu tumeshayasoma. Tuambie kitu ambacho hakimo." Karatasi zangu nne hazikuwa na jibu la hilo. Nikaanza kutaja shule ya msingi niliyosoma.

Kilichonimaliza kabisa ni swali la udhaifu. Nikajibu kama nilivyokariri: udhaifu wangu ni kupenda kazi ifanyike kwa ukamilifu kupita kiasi. Mama mmoja wa makamo akaweka kalamu mezani. "Mwanangu, wewe ni wa nne leo." Wote wakacheka, nami nikacheka nao, jasho likinitiririka mgongoni.

Baada ya hapo niliacha kuandaa majibu, nikaanza kuandaa visa. Nilinunua daftari dogo, nikaandika mambo manane yaliyonitokea kweli: chuoni, kwenye fildi (mafunzo kwa vitendo), hata dukani kwa mjomba. Cha kwanza kilitoka fildi, kwenye stoo ya hospitali moja. Leja ilionyesha katoni 40 za glavu, rafuni zipo 34. Nilipekua hati za mwezi mzima, kisha nikapita wodi moja baada ya nyingine nikiuliza. Zile sita zilikuwa zimeazimwa na zahanati ya jirani bila kuandikiwa hati. Kisa hicho kimoja kimenijibia maswali matatu tofauti: eleza tatizo ulilolitatua, eleza ulivyofanya kazi chini ya shinikizo, na eleza ulivyoshughulika na mtu mgumu (mtunza stoo hakufurahi hata kidogo). Wasaili hubadilisha maneno ya swali, lakini kisa chako kinabaki kilekile.

Sasa, kuna kitu kinatuponza sana sisi tuliolelewa kwamba kujisifu ni utovu wa adabu. Nilijirekodi kwa simu nikisimulia hadithi ya glavu, na niliposikiliza, kila sentensi ilikuwa "tulihesabu", "tuligundua", "tulienda". Nani hao? Nilikuwa peke yangu! Msaili hawezi kuajiri "sisi". Lakini pia huna haja ya kujiita hodari au mchapakazi. Sifa hizo kila mtu anazo mdomoni. Taja ulichofanya na namba yake, basi. "Nilihesabu upya, nikazipata katoni sita" si majivuno, ni taarifa.

Jirekodi kwa lugha utakayosailiwa. Mimi nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili na kusailiwa kwa Kiingereza, na hapo katikati ndipo kigugumizi kilipozaliwa. Kisa kikizidi dakika mbili, kata.

Kuhusu udhaifu, toa wa kweli, mdogo, wenye dawa unayoitumia tayari. Wangu: nilikuwa naogopa kuwapigia wazabuni simu, natuma barua pepe nasubiri. Mzigo mmoja ukachelewa kwa sababu hiyo. Siku hizi napiga kwanza, kisha naandika kuthibitisha.

Maswali ya taaluma hayana njia ya mkato. Kwetu ugavi, ukiomba kazi serikalini ukaulizwa kuhusu Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, au NeST, mfumo wa ununuzi wa serikali mtandaoni uliochukua nafasi ya ule wa zamani, TANePS, huwezi kupiga porojo. Soma. Usipojua, sema hujui, kisha eleza ungeitafuta wapi habari hiyo.

Mshahara je? Fanya hesabu nyumbani. Chukua laki nane, sekta binafsi. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wa asilimia 10 unaondoa 80,000. Kama ulisoma kwa mkopo wa serikali, Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Umebaki na laki sita, na kodi bado haijagusa. Nilishawahi kutaja kiasi bila hesabu hiyo, nikakubaliwa papo hapo, na mwisho wa mwezi nikalia. Uliza pia kama wanachozungumzia ni kabla ya makato au baada yake.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Kusema "hapana, asante" ni kupoteza nafasi. Kwenye usaili ulionipa kazi niliuliza kitengo kina watu wangapi. Mkuu wa kitengo akajikuna shingo. "Wawili, na mmoja anaacha kazi mwezi huu." Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wameniuliza mara tatu kama naweza kuhimili kazi nyingi kwa wakati mmoja.