Mfarishi wa viraka kwa rangi chache: maswali yenu

Fundi, nataka kushona mfarishi wa kutandika kitandani, na nina gunia zima la vipande vya vitenge nilivyookota kwa mafundi wa mtaani kwetu. Kila nikivipanga sakafuni naona vurugu tu. Nifanyeje? – Msomaji, Morogoro

Tatizo ni kwamba unataka kulimaliza gunia. Limwage lote chini, chagua rangi mbili, halafu ongeza moja ya kupumzisha macho: nyeupe, nyeusi, au marekani, kile kitambaa cha pamba, ambayo haijapaushwa. Vingine vyote virudishe guniani, pamoja na kile kipande cha rangi ya chungwa unachokipenda. Hicho hasa.

Najua utasema kitenge kimoja kina rangi tano, sasa uchague vipi? Kibandike ukutani, rudi nyuma hatua tatu nne, tazama rangi gani inakuwahi machoni. Kama ni buluu yenye vidoadoa vya njano, hiyo ni buluu, iweke kwenye buluu. Ua kubwa au ndege aliyechorwa katikati usimhurumie. Ukimkata vipande vya inchi tatu picha inapotea, inabaki rangi, na wewe unachotafuta ni rangi.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulisahau, nami naliona kubwa kuliko hata hizo rangi zenyewe. Gawa vipande mafungu matatu: vilivyokoza, vya kati, na vyeupevyeupe. Buluu iliyokoza ukiishona na nyekundu iliyokoza, mbali kidogo tu hutaona umbo lolote, hata kama umekata nyota za kila namna. Jicho linataka giza likae karibu na mwanga. Ukishindwa kutofautisha, vipige picha kwa simu, kisha iondolee rangi picha ibaki nyeusi na nyeupe. Pale pale utajua kipi kimejificha fungu lisilo lake. Utagundua pia kwamba vitenge vingi vimekoza, kwa hiyo fungu la mwanga litakuwa dogo. Ndiyo maana nimekutajia marekani. Inajaza pengo hilo kwa bei ndogo.

Kama bado unaona rangi tatu hazitoshi, ikumbuke kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, basi. Maharusi wa Pwani wameivaa vizazi na vizazi na sijasikia aliyelalamika kwamba imepungua rangi.

Vipande vya rangi zinazoendana nitavipata wapi bila kununua? – Msomaji, Dodoma

Kwa fundi anayeshona sare za harusi. Mashangazi wakishakubaliana kitenge kimoja, mabaki ya kitenge hicho hujaa chini ya cherehani, yote ya namna moja. Muombe mapema, kabla hajayafagia.

Mwezi wa Januari nenda kwa wanaoshona sare za shule: buluu iliyokoza, nyeupe, kaki. Mpango wa rangi umeshapangwa, huhitaji kufikiri. Ila chunguza, maana nyingi ni tetroni. Chomoa nyuzi chache uziwashe mahali salama. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, tetroni inajikunja na kuacha kidonge kigumu. Usizichanganye kwenye mfarishi mmoja. Pasi ya moto unaotosha kunyoosha pamba itaikunjakunja tetroni.

Na jinzi za mitumba zilizochakaa je? Hizo ni buluu za kila daraja. Huko Gee's Bend, Alabama, wanawake Weusi wa Marekani walishona mifarishi kwa nguo kuukuu za kazi za shamba, na mwaka 2002 kazi zao zilitundikwa katika jumba la makumbusho la Whitney, New York. Kwenye baadhi yake unaona kabisa alama ya mfuko uliofumuliwa: kipande cha mraba chenye buluu mbichi, kwa kuwa jua halikuwahi kufika pale. Kwa hiyo ukifumua mfuko wa jinzi, usiufiche huo mraba. Umepewa daraja jingine la rangi bure.

Shikamoo fundi. Mimi sina cherehani na sitegemei kununua. Nikate tamaa? – Msomaji, Kilwa

Marahaba mwanangu. Usikate. Wapo ndugu zetu wa mbali, Wasiddi wa Karnataka nchini India, ambao asili yao ni Afrika na wengi walifikishwa huko kupitia Goa enzi za Wareno. Wanawake wao wanashona mifarishi inayoitwa kawandi, na kazi yote ni ya mkono.

Wao hawaungi viraka kwanza ndipo waweke bitana. Wanatandika kitambaa kikubwa cha chini, mara nyingi sari kuukuu, wanaanzia pembeni. Kunja ukingo wa kitambaa cha chini kwa ndani, kunja ukingo wa kiraka, vikutanishe, kisha shona kwa bandi, yaani mshono wa sindano kuzama na kuibuka, inayopita matabaka yote. Kiraka cha pili kinalalia ukingo wa cha kwanza ambao haukukunjwa, nacho unakunja upande unaoonekana tu. Unazunguka hivyo kutoka ukingoni kwenda ndani, mstari kwa mstari, mpaka ufike katikati. Ukifika, mfarishi umekwisha, hakuna cha kurudi kutia bandi upya. Kwenye pembe wanaweka vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita phula, yaani maua, na bila hivyo wanauona mfarishi uko uchi.

Kwa mpango wako wa rangi chache, tumia uzi wa rangi moja kazi nzima. Uzi mweupe juu ya buluu unaunganisha hata viraka vilivyokuwa vinagombana.

Kitenge chekundu kitachuja kwenye nyeupe? – Msomaji, Nakuru

Huenda. Fua kila kipande kabla ya kukata, kisha kikiwa kibichi kisugue kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, fua tena. Baada ya mara tatu kikiendelea, kitoe. Chumvi na siki watu wanazisifu, ila rangi ya dukani isiyoshika haitashikishwa na mambo ya jikoni.

Kitanda cha futi nne kwa sita kinataka vipande vingapi? – Msomaji, Mwanza

Kata miraba ya inchi sita na nusu. Mshono unakula robo inchi kila upande, zinabaki inchi sita. Upana wa inchi 48 ni vipande 8, urefu wa inchi 72 ni vipande 12, jumla 96. Hapo umefunika godoro juu tu. Ukitaka mfarishi uning'inie futi moja kila ubavu na futi moja miguuni, ni 12 kwa 14, yaani 168.

Hiyo robo inchi usiichezee. Mshono wako ukizidi kwa moja ya nane tu, kila kipande kinapoteza robo, na kwenye safu ya vipande 12 umeshapungukiwa inchi tatu. Piga pasi kila mshono, uulalie upande wa kitambaa kilichokoza, usije ukaonekana kupitia kile cheupe.

Ndani niweke nini? – Msomaji, Arusha

Kwa baridi yenu, blanketi jembamba kuukuu. Wa Pwani wasiweke kitu. Sufi inahama na kufanya mabonge, labda uwe tayari kutia bandi za karibu karibu.

Naweza kuchanganya kanga na vitenge? – Msomaji, Mombasa

Unaweza, dadangu, lakini kanga kwa kawaida ni nyepesi na inavutika, kwa hiyo itie bitana ya marekani kabla ya kukata, la sivyo kitenge kitaivuta na mraba utapinda. Pindo ni zuri kwa ukingo wa mfarishi. Jina ama lichukue lote ama liache lote, maana maneno nusu yakikutana na nusu ya kanga nyingine hujui yatasema nini kitandani kwa mkwe.