Kigari cha kupanda mawe kinabinuka: usikimbilie chuma

Mdogo wangu, umesema kigari chako cha rimoti cha skeli ya 1/10 kinabinukia nyuma kila ukikipandisha mawe ya mlima Loleza, ndiyo maana unataka chesisi (fremu) ya chuma. Ngoja kwanza. Chuma ni kizito karibu mara tatu ya alumini; kikikaa juu, umejiongezea balaa. Shida yako ni mahali uzito ulipo. Shusha betri, isogee mbele karibu na ekseli (mhimili wa magurudumu) ya mbele. Mimi hulenga kama asilimia 60 ya uzito mbele, napima kwa mizani ya jikoni, ekseli mojamoja, kigari kikiwa usawa.

Ukiamua chuma, flati baa (vyuma bapa) mbili za unene wa milimita 2 zinatosha. Zibane pamoja uzitoboe kwa mkupuo mmoja. Matundu yakipishana, ekseli zinakaa upande. Usichomelee. Mafundi wengi hapa Mbeya wamezoea mageti, na chuma chembamba hupinda kwa moto (nimeshaharibu viwili). Funga kwa bolti, vichwa visichomoze tumboni, maana ndivyo vinavyonasa kwenye jiwe. Rangi piga mapema, mvua za huku unazijua.