Kumnyima sukari hakuui saratani ya damu

Dada, umeuliza kama kumkataza mamako chai ya sukari na mahamri kutaiua lukemia, yaani saratani ya damu. Hapana, hakutaiua. Ni kweli seli za saratani hula glukosi, sukari iliyo kwenye damu, kwa pupa. Mwanasayansi Otto Warburg alilionyesha hilo Ujerumani miaka ya 1920. Lakini sukari ya damu haitoki kikombeni tu. Mtu asipokula, ini huitengeneza lenyewe, hata kwa protini ya misuli, na seli zile zinaendelea kupata. Anayekonda ni mgonjwa. Mimi ni muuguzi hapa Mombasa, na nimeona watu wakija kuwekewa dawa wamedhoofu kwa uji mtupu hadi tiba ikaahirishwa. Inauma sana.

Ila kama ana kisukari, au anapewa dawa za steroidi kama prednisoloni au deksamethasoni, sukari hupanda kweli, kwa hivyo hapo mfuate daktari wake.

La kuogopa zaidi ni maambukizi na kuvuja damu, ndiyo yanayoua wengi wenye lukemia. Joto likifika 38, usimpe Panadol ukangoja kukuche. Mpeleke hospitali usiku huohuo.