Sanamu ipi ya dinosaria inafanana na mnyama mwenyewe?

SWALI: Ndugu Mhariri, tunaishi Mwanga, Kigoma. Mwanangu wa miaka 11 hutumia kila shilingi anayopewa kununua sanamu ndogo za plastiki za dinosaria, na sasa anazo 14. Ameanza kuziandikia maoni katika daftari: hii nzuri, ile mbaya. Atajuaje ipi imetengenezwa kwa uangalifu? Isitoshe, mbili zimepinda miguu na hazisimami tena. – Mama Msomaji

JIBU: Mama, daftari hilo litunzwe kuliko hata sanamu zenyewe. Kinachobaki ni neno “nzuri” kupewa sababu, na sababu hiyo itoke katika mifupa iliyofukuliwa.

Aanze na wanyama wa kwetu. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru mkoani Lindi, msafara wa Wajerumani pamoja na mamia ya vibarua Waafrika, waliosimamiwa na Boheti bin Amrani, walifukua mifupa ya wanyama walioishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita. Yule “mjusi” ambaye wabunge wetu wamemjadili mara kadhaa ni Giraffatitan, aliyesimamishwa katika makumbusho ya Berlin akiwa na kimo cha mita 13.27. Sanamu yake iliyo sahihi ina miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, mgongo unaoteremka kama wa twiga, na mkia usiogusa ardhi. Makumbusho hayo yenyewe yalimsimamisha upya mwaka 2007 na kuuinua mkia wake, kwa hiyo sanamu inayoburuza mkia si lazima iwe kazi ya uzembe. Huenda inafuata elimu ya zamani, na ni haki mwanao aandike hivyo. Mwenzake wa Tendaguru, Kentrosaurus, anapaswa kuwa na mifupa bapa kuanzia shingoni, kisha miiba mirefu hadi mkiani.

Kwa dinosaria walao nyama, atazame mikono kwanza, kwani hapo ndipo sanamu nyingi za bei nafuu hukosea. Tyrannosaurus alikuwa na vidole viwili kila mkono, si vitatu, na viganja vilitazamana kama vya mtu anayetaka kupiga makofi, havikuelekea chini. Akiwa na Dimetrodon, yule mwenye tanga mgongoni, amtengee ukurasa wake: si dinosaria, na alitoweka mamilioni ya miaka kabla dinosaria wa kwanza hawajatokea.

Halafu achukue rula. Kentrosaurus alikuwa na urefu wa mita 4.5 hivi, sanamu yake ya sentimita 15 imepunguzwa mara 30. Kwa kipimo hicho hicho, Giraffatitan angekuwa na kimo cha sentimita 44, yaani angepita meza nyingi za kahawa. Akigundua hivyo, ataacha kuwapanga hao wawili kana kwamba ni ndugu wa rika moja.

Kuhusu miguu, plastiki laini hulegea kwa joto, hasa sanamu ikiachwa dirishani juani. Mtu mzima aitumbukize miguu katika maji ya moto kwa muda mfupi, ainyooshe taratibu, kisha aishikilie ndani ya maji baridi mpaka ikaze. Baada ya hapo zihifadhiwe kivulini, na zile nzito zilazwe ubavu.