Maswali ya Wasomaji: Kamanda Aliyesubiri Sanamu kwa Miaka 70

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba mjini London kuna sanamu ya Keith Park, kamanda wa anga wa Vita Kuu ya Pili, na kwamba haikusimamishwa ila baada ya watu kuipigania. Ikiwa kweli alikuwa na sehemu kubwa hivyo katika kuiokoa London, ilikuwaje akasahauliwa, na waliomtetea walipita njia gani? Tena, kuna haki gani kumjengea sanamu ofisa aliyekuwa handakini ilhali waliokufa angani ni vijana wengine?

JIBU: Ndugu msomaji, naomba nianze na sehemu ya mwisho ya swali lako, maana kampeni yoyote ya aina hii isiyoweza kulijibu haistahili kupewa hata hatua moja ya uwanja wa umma.

Park alizaliwa mwaka 1892 katika mji wa Thames, New Zealand, na kabla ya kuwa rubani alipigana kama askari wa mizinga katika Vita Kuu ya Kwanza, huko Gallipoli na Somme, kwa hiyo hakuwa mtu aliyeijua vita kwa kuisoma kwenye ramani. Aprili 1940 alikabidhiwa Kundi Na. 11 la ndege za kivita, lililolinda London na kusini-mashariki mwa Uingereza, na makao yake yalikuwa Uxbridge, ndani ya handaki. Habari za ndege za Ujerumani zilitoka kwenye rada za pwani na kwa watazamaji waliokuwa nchi kavu, naye alibakiwa na dakika chache tu za kuamua ni vikosi vipi viruke, vingapi, na vingapi vibaki. Akivirusha vyote mapema mno, vingenaswa ardhini vikijaza mafuta wakati wimbi la pili likifika. Akichelewa, viwanja vyake vingeteketea. Alichagua kurusha kikosi kimoja kimoja au viwili viwili, ili ndege za mabomu zishambuliwe kabla ya kufika zilikokusudia. Ushujaa ulikuwa wa marubani, na hakuna aliyewanyang'anya. Lakini kama wangebaki na ndege za kurusha kesho yake au la, hilo lilitegemea hukumu ya mtu mmoja. Tarehe 15 Septemba 1940 Waziri Mkuu Churchill alikuwa naye handakini humo, akamuuliza ana akiba gani ya ndege. Park alimjibu kwamba hakuna.

Kusahauliwa kwake hakukuwa ajali. Jirani yake wa upande wa kaskazini, Leigh-Mallory wa Kundi Na. 12, aliamini kwamba ni bora kukusanya vikosi vingi angani kwanza ndipo vishambulie kwa pamoja, na mawazo hayo yalipata wasikilizaji katika Wizara ya Anga. Mkuu wao wote wawili, Dowding, aliyeongoza ndege zote za kivita za Uingereza, aliondolewa Novemba 1940. Mwezi uliofuata Park naye akahamishiwa kwenye kundi la mafunzo, na kiti chake akapewa huyo huyo Leigh-Mallory. Baadaye aliongoza ulinzi wa anga wa Malta na akapewa amri ya majeshi ya anga ya washirika Asia ya Kusini-Mashariki, lakini alipostaafu alirudi kwao, akafariki Auckland mwaka 1975, mbali na vikao ambako heshima za London hugawanywa. Dowding alipata sanamu yake mwaka 1988, na Harris, aliyeongoza ndege za mabomu, mwaka 1992. Park hakuwa na mtu wa kumsemea.

Msemaji huyo alikuja kuwa Terry Smith, mfanyabiashara wa fedha wa London, aliyeongoza kampeni miongo mitatu baada ya kifo cha kamanda huyo. Wanakampeni waliomba mahali pakubwa kupita kiasi, nalo ni jukwaa la nne la mawe katika Trafalgar Square, lililojengwa mwaka 1841 kwa ajili ya sanamu ya Mfalme William wa Nne, fedha zikaisha, likabaki tupu kwa zaidi ya karne moja na nusu kabla ya kuanza kutumika kwa kazi za sanaa za muda. Walitaka Park akae hapo daima. Hawakupewa, walipewa miezi sita, na Novemba 2009 sanamu ya faibaglasi yenye urefu wa mita tano ikapandishwa. Wapo ambao wangesusa. Hawa walikubali, huku kibali cha sanamu ya kudumu kikielekezwa Waterloo Place, mwendo mfupi kutoka hapo, na ile ya shaba, kazi ya mchongaji Les Johnson, ikazinduliwa tarehe 15 Septemba 2010, miaka 70 kamili tangu siku ile ya Churchill handakini.

Kwa maoni yangu, silaha yao kubwa ilikuwa shahidi, kuliko hata fedha. Mwaka 1947 Tedder, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Anga la Uingereza, alisema kwamba ikiwa yupo mtu mmoja aliyeshinda mapambano yale ya anga ya kuilinda Uingereza mwaka 1940, basi ni Park. Maneno hayo hayakutoka kwa ndugu wala mwananchi mwenzake, bali kwa mkubwa wake wa kazi asiyekuwa na sababu ya kumpamba.

SWALI: Nimeona maandishi yanayodai kwamba tarehe 15 Septemba 1940 Waingereza walidungua ndege 185. Je, mtu anayemtetea Park aitumie hesabu hiyo?

JIBU: Asiitumie kabisa. Hiyo ndiyo hesabu iliyotangazwa wakati ule, marubani kadhaa wakidai kuidungua ndege ile ile moja katika purukushani. Rekodi za Wajerumani zilionyesha baadaye kwamba walipoteza takriban 60. Mpinzani akiligundua kosa hilo atalitilia shaka na lile lililo kweli. Isitoshe, hoja ya Park haihitaji 185. Kazi aliyopewa ilikuwa kuhakikisha kundi lake bado lipo na bado linaruka, na tarehe 17 Septemba, siku mbili baadaye, Hitler aliahirisha uvamizi wa Uingereza.