Meno ya chini yanatangulia ya juu: tusubiri meno ya utoto yaishe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 8. Akiuma meno, ya mbele ya chini yanakaa nje ya yale ya juu. Baba yake naye kidevu kimetangulia kidogo. Tulikoenda tuliambiwa tungoje meno yote ya utoto yang'oke ndipo afungwe waya. Tungoje kweli? – Mama, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Usingoje. Ushauri huo unawafaa watoto wengi ambao meno yao yamebanana tu, lakini kwa huyu wako unaweza kumpotezea muda usiorudi. Meno ya mwisho ya utoto hung'oka karibu na miaka 12, na tatizo hili, likiwa la taya, hutibika vizuri zaidi kabla ya miaka 10 hivi.

Taya la juu limeshikana na mifupa mingine ya uso kwa maungio ambayo utotoni bado hayajakaza. Likivutwa taratibu, linasogea mbele. Mtoto akishakua, mvuto uleule huishia kusogeza meno, mfupa ukabaki palepale. Taya la chini nalo halingoji: kwa wavulana huweza kuendelea kukua hata baada ya miaka 18.

Kwanza ijulikane kama ni meno au ni taya. Mwambie akunje ulimi, ncha iguse nyuma ya kaakaa, kisha afunge mdomo polepole huku unamtazama kwa ubavuni. Kama ncha za meno ya mbele zinagongana kwanza, halafu taya linateleza mbele ndipo magego yakutane, basi sehemu kubwa huenda ni meno: mtoto anakwepa ule mgongano. Hapo kifaa cha plastiki chenye springi, cha kuvaa na kuvua mdomoni, mara nyingi hutosha kuyasukuma meno ya juu kwa miezi michache. Kama meno ya chini yako nje tangu mwanzo bila kuteleza popote, shaka ni taya, na daktari atathibitisha kwa eksirei ya kichwa ya ubavuni.

Ikiwa taya la juu ndilo lililobaki nyuma, huwekewa kifaa kinachoegemea paji la uso na kidevu, chenye mipira inayovuta taya la juu mbele. Huvaliwa saa 12 hadi 14 kwa siku, kwa hiyo jioni na usiku vinatosha. Shuleni haendi nacho. Kazi ni ya miezi, kati ya 6 na 12 kwa kawaida, na asipokivaa hakuna kinachosogea. Msimamizi ni wewe, mama, kuliko mimi.

Nikuambie ukweli pia: hali hii hurithiwa, na wapo watoto wanaotibiwa vizuri kisha taya la chini likakimbia tena wakati wa kubalehe. Baadhi huhitaji upasuaji ukuaji ukishakoma. Hata hivyo kutibu sasa kunampunguzia uwezekano huo, na kunayanusuru meno ya mbele yasisagike na fizi za chini zisishuke.

Omba rufaa kwa daktari bingwa wa mpangilio wa meno. Muhimbili ni mahali pa kuanzia. Baba yake aende pia, maana daktari atataka kumwona naye akiuma meno.